Konzi Moja ya Akiba: Maneno Machache juu ya Kiasi na Kujitegemea

(Hotuba iliyosomwa jioni ya kwanza ya mkutano wa ukoo, mjini Reading, Uingereza)





Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima hata tukakutana tena chini ya paa moja. Naziona nyuso zilizotoka Maskati na Dubai, Toronto na Columbus, Mombasa na Dar es Salaam, bila ya kuwasahau wenyeji wetu wa hapa Reading na London. Aidha, naishukuru kamati ya maandalizi, na hususan akina mama walioingia jikoni tangu alfajiri. Harufu ya pilau hii peke yake ni hotuba tosha. Mimi naongezea tu.

Kamati imenitaka niseme juu ya kuishi na kufanya kazi kwa kiasi na kwa kujitegemea. Nadhani waliniteua kwa sababu ya kazi niliyoifanya. Nilikuwa mtumishi wa serikali nyumbani kwa miaka 15, kuanzia mwaka 1979 hadi 1994, kisha nikawa katika ofisi ya hesabu ya halmashauri moja ya hapa Uingereza kwa miaka 26, hadi nilipostaafu mwaka 2023. Mtu aliyekesha na vitabu vya hesabu miaka yote hiyo hudhaniwa kuwa anajua kiasi. Nakiri kwamba nilipopata barua ya kamati sikuijibu kwa wiki mbili. Sababu yake mtaisikia.

Kesho asubuhi mkutano wetu mkuu utajadili pendekezo la kukopa pauni 60,000 kutoka benki ili tujenge jumba la ukoo Tanga. Nina la kusema juu ya pendekezo hilo. Lakini si haki nilihukumu wazo la wenzangu kabla sijawapa nafasi ya kunihukumu mimi.

Mtungi wa mama

Wale wa rika langu wanaikumbuka nyumba yetu karibu na Muheza, pembezoni mwa mashamba ya mkonge. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa karani katika shamba moja la mkonge. Mama alisuka ukili na kulima mihogo. Ndani, nyuma ya mlango, palikuwa na mtungi mkuukuu uliomeguka mdomo, usiofaa tena kwa maji. Kila siku mama alipopima mchele wa kupika, alitia mkono katika ungo akatoa konzi moja, akaitia mtungini. Hakuwahi kusahau. Siku ya wageni alipima kisaga, siku ya kawaida kibaba, na siku ya dhiki nusu kibaba. Lakini ile konzi ilitoka.

Sisi watoto tulidhani ni uchoyo. Dada yangu mkubwa alimwuliza siku moja, "Mama, kwani tukila yote leo tutakufa?" Mama akajibu, "Leo hamtakufa."

Katika miaka ile bei ya katani ilikuwa ikishuka duniani, kwa kuwa kamba za nailoni zilikuwa zimeingia sokoni, na mashamba mengi ya Tanga yakaanza kupunguza watu. Baba alipunguzwa kazini mwaka 1968. Miezi mitatu ile ya mwanzo tulikula kutoka katika mtungi ule. Jambo ambalo sikulielewa mpaka utu uzimani ni kwamba jirani zetu wawili pia walikula humo. Mama angaliweza kuwapa nini kama asingalikuwa na akiba? Hapo ndipo ninapoanzia maana ya kujitegemea. Wengi hudhani ni kujitenga na watu. Kwa mama ilikuwa ni kujiweka katika hali ya kuweza kumpa mtu.

Azimio na shamba la shule

Nilikuwa darasa la tatu Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Vijana wetu mliozaliwa huku mmelisikia jina tu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo.

Nchi yetu ilipopata uhuru ilitegemea sana kwamba fedha za maendeleo zitatoka nje. Punde ikaonekana kwamba fedha hizo zina kamba. Mwaka 1965 Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya suala la Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa ukitarajiwa ulizuiwa. Kabla ya hapo ulikuwapo mgogoro na Ujerumani ya Magharibi, nao uligusa misaada. Mwalimu Nyerere na chama cha TANU wakasema basi, tutazame tulicho nacho. Azimio likataja mambo manne yahitajiwayo ili watu waendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikutiwa katika manne hayo. Haikukataliwa, bali ilihesabiwa kuwa ni tunda la kazi na si mzizi wake. Viongozi nao wakawekewa masharti: wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na hisa katika makampuni, wala wasiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka mmoja kabla, yaani 1966, Mwalimu alikuwa amekwisha kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mwezi Machi mwaka huo wa 1967 ikatoka siasa ya Elimu ya Kujitegemea, na shule yetu ikapata shamba la mihogo. Tulilima kwa nyimbo. Siku nyingine, nisiwafiche, tulilima shamba la mwalimu tukaambiwa kuwa hiyo nayo ni kujitegemea. Hata mtoto wa miaka tisa alijua kuwa hapo pana kasoro.

Miaka ya foleni

Nawaambieni hayo kwa sababu sipendi kuisifu historia kupita kiasi chake. Nililipenda Azimio, na bado nalipenda. Lakini niliingia kazini mwaka 1979, baada ya kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, na kilichonikuta ofisini si kile tulichokiimba shuleni.

Watu vijijini walikuwa wamehamishwa kwa amri katika Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976, na wengine waliacha minazi na miembe waliyoipanda babu zao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba ya fedha za kigeni. Mafuta yalipanda bei. Sukari, sabuni na unga vikawa vya foleni. Nakumbuka nikiomba ruhusa ofisini niende kupanga foleni ya sabuni, na mkuu wangu akinipa ruhusa kwa sharti kwamba nimshikie nafasi.

Tena lipo jambo moja ambalo karani wa hesabu hawezi kulikwepa. Nchi ile ile iliyotangaza kujitegemea ikawa, katika miaka ya 1970, miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi zaidi. Kiwanda hiki cha msaada, barabara ile ya mkopo, mradi huu wa wafadhili. Mdomoni kulikuwa na kujitegemea, na kitabuni kulikuwa na deni. Mwaka 1986 nchi ikatia saini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1991 masharti ya viongozi yakalegezwa kule Zanzibar.

Wakati ule niliwalaumu sana wakubwa kwa jambo hili. Nilisema, inawezekanaje mtu aseme neno hili na kutenda lile? Mungu ananisikia, na mke wangu aliyekaa pale mbele ananisikia: jibu nililipata ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Deni langu

Nilifika Uingereza mwaka 1994 nikiwa na sanduku moja na koti nililoazima. Nilifagia maofisi usiku kwa miaka mitatu. Katika miaka hiyo niliishi kama mama alivyonifundisha. Chumba kimoja, chai ya nyumbani, basi badala ya teksi. Na kuanzia mwaka 1998, nilipokwisha kupata kazi ya halmashauri, nilimpelekea dada yangu pauni 100 kila mwezi bila kukosa.

Kisha maisha yakatengenea, na hapo ndipo nilipopotea. Wenzangu walikuwa wakijenga nyumbani. Kila tulipokutana harusini, mazungumzo yalikuwa ni nondo, vigae na malango ya chuma. Nami nikataka ghorofa. Mshahara wangu ungetosha kujenga vyumba vitatu kwa miaka mitano, lakini nani angevipiga picha? Mwaka 2004 nikakopa pauni 25,000 juu ya nyumba tuliyokuwa tukiilipia hapa. Zilipokwisha, nikaanza kadi za mkopo. Mwaka 2006 nikamwoza binti yetu kwa harusi ya watu 400, ambao nusu yao sikuwajua majina. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Nilikuwa nikiitumia methali hiyo kuwaasa vijana, huku kadi ya nne ikiwa mfukoni.

Kufikia mwaka 2008 nilikuwa na kadi tano zenye deni la pauni 14,000 kwa riba ya asilimia 18. Fanyeni hesabu: riba peke yake ni pauni 2,520 kwa mwaka, yaani pauni 210 kila mwezi, na deni lenyewe liko pale pale. Mabenki yalikuwa yakipata kwangu zaidi ya mara mbili ya alichokuwa akipata dada yangu. Sizungumzii hapa hukumu ya riba katika dini yetu, maana niliijua nikiwa mtoto wa chuoni na haikunizuia. Mwaka ule uchumi wa hapa ulianguka, mke wangu akapunguziwa saa za kazi, nami nikaacha kupeleka zile pauni 100. Nilimwambia dada kwamba benki ina matatizo ya mitambo.

Mimi, mtu wa hesabu, nilidanganya juu ya hesabu. Mchana nilikagua matumizi ya watu wengine, na usiku nilificha barua za wadai nyuma ya kabati.

Mtamba wa dada

Mwezi Februari mwaka 2009 dada akanipigia simu kuwa mama ni mgonjwa, na anauliza nitakwenda lini. Nikasema kazi ni nyingi. Wiki ya pili nikasema sijapewa likizo. Wiki ya tatu dada hakuuliza kitu. Alisema, "Mdogo wangu, chukua kalamu uandike." Akanitajia namba ya tikiti aliyokwisha kunikatia Dar es Salaam, na siku ya safari. Kisha akakata simu, ili nisipate nafasi ya kusema uongo mwingine.

Nilimkuta mama yu hai. Nilikaa naye siku tisa. Nilimlisha uji kwa mkono wangu, na alfajiri ya siku ya kumi alifariki, nami nipo. Mungu amweke mahali pema.

Baada ya hitma nilikwenda nyuma ya nyumba nikaona banda la ng'ombe. Lilikuwa limejengwa kwa ng'ombe watatu, na ndani alikuwamo mmoja. Nilipomwuliza mpwa wangu, alitazama chini. Wawili walikuwa wameuzwa ili mimi nipande ndege.

Sasa sikilizeni ng'ombe wale walitoka wapi. Zile pauni 100 za mwanzo dada hakuzila zote. Alitoa konzi yake kila mwezi. Kwa akiba hiyo alijenga banda, akapanda majani ya malisho, na alipokwisha kuwa tayari akaingia katika mpango ambao wafugaji wengi wa Tanzania wanaujua, wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, unamtunza, na akizaa ndama jike, unamtoa ndama huyo kwa mfugaji mwingine, na deni lako limekwisha. Hakuna riba. Dada alilipa ndama wake wa kwanza, akabaki na mama yake, na kundi likakua hadi watatu. Maziwa aliyauza kwa chama cha ushirika cha wafugaji, na watoto wake wanne wakasoma kwa maziwa hayo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nilikuwa nikidhani kwamba mimi ndiye ninayemsaidia dada. Kumbe pesa yangu ya wakati nilipokuwa na kiasi ilikuwa imehifadhiwa kwake, ikisubiri siku nitakapokuwa sina kiasi.

Nilimwambia nitamlipa ng'ombe wake wote wawili. Akanijibu, "Mimi nitapata wengine. Wewe lipa madeni yako kwanza, kisha mpe mtamba mtu asiye naye." Nililipa kwa miaka sita. Tuliuza gari, tukarudi kwenye basi, mke wangu akashika daftari la matumizi mwenyewe, na kadi zote tano nilizikata kwa mkasi mbele ya watoto. Deni la mwisho nililimaliza mwaka 2015, na mwaka huo huo nikamnunulia mtamba mjane mmoja wa ukoo wetu, mnayemfahamu. Mpaka leo, kwa kupokezana ndama, familia nne zimepata ng'ombe kutokana na yule mmoja. Ama ghorofa langu, sehemu ya chini ina wapangaji. Ya juu sikuijenga. Nondo zake bado zinachungulia mbinguni, na kila nikienda nyumbani nazitazama ili nisisahau.

Haya nimeyasema kwa idhini ya dada yangu. Yeye hakupata kumwambia mtu kwa miaka yote hii. Mimi ndiye niliyeona kwamba nikisimama hapa nikasifu kiasi bila ya kuyasema, nitakuwa kama mwalimu yule na shamba lake la mihogo.

Ombi langu

Ndugu Mwenyekiti, kijana mmoja aliniuliza mchana huu, "Baba mkubwa, kwani kuwa na kitu kizuri ni dhambi?" La, mwanangu. Mama yetu alipenda kanga nzuri, na sikukuu alipika kisaga kizima. Kiasi hakimaanishi unyonge. Kibaba ni kipimo, na kisaga ni kipimo. Balaa ni kupika pishi kwa mchele wa jirani ili wapita njia waseme tumeshiba. Wala si kila deni ni baya. Deni la dada lilizaa. Langu lilikula.

Najua pendekezo la jumba limetokana na mapenzi. Sote tunatamani mahali pa kufikia, watoto wetu wasilale hotelini katika mji wa babu zao. Lakini benki itamtaka mtu aweke nyumba yake rehani kwa niaba yetu. Nani kati yetu, na akipunguziwa saa za kazi itakuwaje? Nawaombeni mfikirie mambo matatu.

Kwanza, tusikope. Tuko nyumba 42 katika jumuiya hii. Kila nyumba ikitoa pauni 10 kwa mwezi, tutakuwa na pauni 5,040 kwa mwaka. Kiwanja tukinunue kwa fedha taslimu, msingi uje mwaka wa pili au wa tatu, na vyumba vije kwa zamu. Jumba litachelewa, na baadhi yetu wenye mvi hatutalala ndani yake. Nimelifikiria hilo, nami niko radhi.

Pili, theluthi moja ya mchango iwe ni mtungi usioguswa isipokuwa kwa maradhi na msiba, ili asiwepo tena kati yetu atakayedanganya kuwa hana likizo hali hana nauli.

Tatu, kila mwaka tutoe mitamba miwili nyumbani kwa sharti lile lile la ndama wa kwanza. Wenzetu walioko Muheza na Pangani si watu wa kupelekewa hela ya chumvi kila mwezi mpaka kiyama. Ni watu wazima wenye ardhi na maarifa, na mmoja wao ndiye aliyeniokoa mimi.

Na kama yupo miongoni mwenu aliyeficha barua nyuma ya kabati, nitakuwa nimekaa kwenye veranda baada ya chakula. Aje anywe chai nami. Hesabu tutaifanya pamoja, na haitatoka nje ya vikombe viwili.

Namuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, ampe dada yangu afya na umri, na atuongoze kesho tuamue kwa nia njema, hata kama mtaamua kinyume cha haya niliyoyasema.